Kwa Kaka Aliyenifundisha Kuandika "Wapi"

Kaka Karisa,

Shikamoo sikupi. Tangu nijue kusema sijakosa kukuamkia. Hata ile siku uliyonizaba kofi kwa kumwaga dawa ya kuoshea picha, kesho yake asubuhi nilikuamkia kama kawaida. Leo nimeizuia. Iko huku kwetu, haijaenda popote, na ukiisoma barua hii hadi mwisho utajua utaipataje.

Bahasha yako ilinifikia Jumamosi. Niliipokea kwenye dirisha la posta Malindi nikaifungua papo hapo, sikungoja hata kutoka nje, maana nilidhani ni taarifa kwamba umekufa. Miaka mitano, Kaka! Miaka mitano hujauliza Hawe, bibi yako, amekula nini, paa linavuja au halivuji, mimi nimeolewa au nimezeekea nyumbani. Halafu unaandika kurasa tatu, na katika hizo tatu, salamu ni mistari minne. Nimeihesabu. Yaliyobaki yote ni masomo.

"Kadzo, sanduku lako la picha bado ni la mwanafunzi." Hivyo ndivyo ulivyoanza. Ati umeziona picha zangu huko kwenye maktaba ya picha, zile chache walizokubali kuziweka na kuziuzia magazeti, na umeona nimeanza kujirudia. Ati wanawake wangu wote wanainama. Ati niongeze nyekundu, wahariri wanapenda nyekundu. Ati kila kitu nikipige mara mbili, kamera ikiwa imesimama na ikiwa imelala, ili mtu wa gazeti apate yake na mtu wa kalenda apate yake. Haya. Kisha ukafika kwenye shida yako: "Nitumie slaidi arobaini za vigango vya wazee waliokufa, vya huko ndani, vile ambavyo watalii hawajavifikia. Vinatafutwa sana huku. Na usisahau nilivyokufundisha: andika wapi."

Andika wapi! Huna haya, Kaka. Uso wako umekuwa mkavu kama ngozi ya ngoma.

Na ndani ya bahasha ukatia ukurasa uliouchana kwenye kitabu cha maktaba yenu, ati uwe mfano wangu wa taa nzuri. Huo ukurasa nitaufikia. Nikianza nao sasa nitaitoboa karatasi hii kwa kalamu.

Ngoja kwanza nikukumbushe ulivyokuwa, maana naona umesahau. Na mimi pia nataka nijikumbushe kwamba kuna wakati nilikupenda kuliko mtu yeyote, ukimtoa Hawe.

Unaikumbuka studio? Kile chumba nyuma ya soko la Malindi, chenye pazia lililochorwa eropleni ikipita juu ya bustani ya maua, na picha ya Rais juu ya mlango. Wewe ulikuwa mpiga picha, mimi mfagiaji na mwanikaji wa picha. Kulikuwa na koti moja jeusi na tai moja ya buluu, na wateja wote walivalishwa hizo hizo, kwa hiyo ukizikusanya picha za wanaume wa Malindi wa miaka ile utadhani walikuwa mtu mmoja mwenye nyuso nyingi. Uliniamuru nisicheke mbele ya mteja, halafu ukajificha nyuma ya kamera ukanikonyeza. Nikakimbilia nje nikacheka nikaliacha vumbi limetapakaa.

Ile kamera kuukuu uliyonipa, iliyofungwa mgongo kwa plasta, ndiyo zawadi kubwa niliyowahi kupewa. Ulisikia kwa watalii kwamba Ulaya kuna maktaba za picha: mtu anatuma slaidi zake, zinakaa huko kwenye makabati, na gazeti au kampuni ya kalenda ikitaka picha ya mnazi au ya mama anayetwanga, inaitafuta kabatini na kuilipia. Ulinambia, "Kadzo, mtu wa Tezo anaweza kukaa Tezo na picha yake ikatembea." Nikaamini. Nilipiga slaidi ishirini. Tulizituma pamoja na zako, tukangoja miezi, na zangu zote ishirini zikarudi. Hata moja hawakubakisha.

Nililia nyuma ya tangi la maji. Hukunibembeleza. Ulinishika mkono ukaniketisha mbele ya ile meza ya taa uliyoiunda mwenyewe kwa droo, kioo cha dirisha na taa ya fimbo, ukazipanga slaidi zangu juu yake moja moja.

"Haya, tazama. Machweo mangapi?"

Nikahesabu. Kumi na moja.

"Jua huzama kila nchi, dada yangu. Hao wanalo la kwao. Hii ya minazi umempigia nani?"

"Mtu wa kalenda."

"Ataandika wapi jina la mwezi? Umemjazia minazi mpaka ukingoni! Mwachie mbingu kidogo, mwenzio naye apate pa kuweka herufi. Na huyu mama je? Mbona amekakamaa hivi? Umempiga ya kitambulisho."

Nilianza kucheka huku machozi hayajakauka. Ulichukua kioo cha kukuzia ukanionyesha zilizotikisika, ambazo kwa macho yangu zilikuwa safi kabisa. Ulitupa kumi na saba kwenye pipa. Mimi nikaziokota. Ukazitupa tena. "Sanduku halikui kwa kuongeza, Kadzo. Linakua kwa kutupa. Wakifungua sanduku lako wakikuta kumi nzuri na kumi mbovu, watakukumbuka kwa zile mbovu." Maneno hayo niliyaandika nyuma ya kalenda ya ukutani, na mpaka leo ninayafuata, ingawa siku hizi nikiyakumbuka meno yanauma.

Na ulinifundisha nipige kazi za watu. Nilikwenda Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi, nikakaa siku mbili bila kutoa kamera, mpaka wale kina mama wakanizoea wakaacha kujipanga mstari kila wanionapo. Nilipiga korosho zikibanguliwa kwetu Tezo, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Uliniambia nisimpige mtu kabla ya kumwomba ruhusa, na kwamba akikataa nishukuru vile vile. Ulisema mpiga picha asiyeomba ruhusa ni mwizi mwenye mashine. Ni wewe uliyesema, Kaka. Kinywa hicho hicho.

Lakini somo kubwa lilikuwa la maelezo. Mimi kila slaidi nilikuwa naiandikia kijikaratasi: "Mwanamke wa pwani." "Kijiji cha pwani." Wewe ukazipitia kwa kalamu nyekundu. Nani? Nini? Wapi? Kila karatasi, maswali matatu, na hilo la tatu ulilipigia mstari mpaka karatasi ikachanika. "Pwani ni kubwa! Hata samaki ana kwao. Picha isiyo na maelezo ni maiti isiyo na mwenyewe." Basi nikawa nafagia huku nasema nani, nini, wapi. Nikipika nasema nani, nini, wapi. Hawe akaniuliza kama nimepandwa na pepo wa maswali, akasema kama ni hivyo amtafute mganga mapema, kabla sijaanza kuwauliza wageni.

Sasa tufike kwa babu.

Kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii, maana nimeamua niisome mbele ya watu kabla ya kuituma, acha nieleze. Sisi wawili tuliachwa wadogo na wazazi, tukalelewa na Hawe, bibi yetu mzaa baba. Mumewe, Mzee Kahindi, alikuwa mtu wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, na mtu wa namna hiyo akifa husimamishiwa kigango: mti mrefu uliochongwa, wenye kichwa cha duara, unaopigwa nakshi za pembetatu kuanzia shingoni hadi chini na kufungwa vitambaa. Kigango si sanamu. Ni yeye mwenyewe amesimama. Na familia ikihama, kigango hakihami. Sisi tulihamia Tezo kutafuta shamba, babu akabaki peke yake kwenye boma la zamani huko ndani ya Magarini. Kila mwaka kabla ya kupanda, Hawe alikwenda kummiminia pombe ya mnazi, kumbadilishia kitambaa na kumpa habari za nyumbani.

Wewe unamjua babu kwa ile pembetatu yake. Ya tatu kutoka juu, upande wa kushoto, imepinduka, ncha yake inatazama chini na wenzake wote wanatazama juu. Mchongaji alikuwa amelewa ile pombe ya wazee. Walipotaka kumchongesha mwingine, Hawe alikataa. "Mume wangu alikuwa na jino moja lililopinduka. Huyu ndiye. Mwacheni." Mimi na wewe utotoni tulikuwa tunaitafuta ile pembetatu kwa macho tu, mikono nyuma, kwa sababu koma, roho ya mzee aliyelala, hasontwi kidole. Hawe alisema ukimsonta aliyelala unamwamsha kwa mtu mwingine. Wewe ulijaribu kumsonta mara moja, Hawe akakupiga vidole kwa kijiti, ukalia njia nzima mpaka barabarani.

Ulipokua ukaacha kwenda. Mwaka wa kwanza ulikuwa na kazi, mwaka wa pili una homa, mwaka wa tatu hukutoa hata sababu. Ilikuwa ule mwaka watoto wa shule walipoanza kugawiwa maziwa. Nilikwenda na Hawe tu, kamera begani. Sikuthubutu kuitoa. Hawe mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa amepiga magoti anafunga kitambaa chekundu:

"Mpige babuyo, umpelekee Karisa. Amekuwa haji. Labda akimwona atamkumbuka."

"Mila inaruhusu, Hawe?"

"Mwombe mwenyewe. Si ndivyo kakako alivyokufundisha?"

Nikamiminia mnazi, nikamwomba babu, nikangoja kidogo kama unavyongoja mtu mzima ajibu, nikapiga. Slaidi tatu. Umenisikia, Karisa? Ile picha ilipigwa kwa ajili yako. Ilikuwa salamu ya bibi kwa mjukuu.

Ulipoiweka juu ya meza ya taa uliiinamia kwa kioo cha kukuzia. Nilidhani umeguswa. Kisha ukasema, "Kadzo, hii ndiyo itakayokufungulia mlango." Mikono ya Hawe, kitambaa chekundu, kichwa cha babu, na upande wa kulia mbingu tupu ya kutosha majina ya miezi kumi na miwili. Nilikuwa nimefuata kila somo lako bila kujua. Na nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Nikakaa chini kuandika maelezo, na kwa jinsi ulivyonichokoza miezi yote ile kwa kalamu yako nyekundu, nikaandika maelezo ambayo hayajawahi kuandikwa. Nani: Mzee Kahindi, mtu wa Gohu. Nini: kigango chake, na mkewe akimfunga kitambaa. Wapi: ukitoka soko la Magarini fuata njia ya ng'ombe, uvuke kijito, upite mkwaju uliokatwa kichwa na radi, boma la zamani, hakuna wakazi.

Hakuna wakazi. Hilo nalo niliandika. Nilidhani ni ufundi.

Uliisoma ukanipiga bega. "Sasa umekomaa." Kofi lako lile la begani nililibeba wiki nzima.

Picha ilinunuliwa, ikatoka kwenye gazeti la Ulaya. Uliileta Tezo mbio, tukamwonyesha Hawe, akacheka kujiona mikono tu bila uso. Akasema wamemkata kichwa lakini wamempa mumewe heshima. Tulimnunulia leso. Gazeti lilikuwa limeandika mstari mmoja tu chini ya picha, ati mila za pwani ya Kenya. Ile njia yote, kijito na mkwaju, ilibaki kwenye kijikaratasi changu, na kijikaratasi kilirudi pamoja na slaidi, vikakaa kwenye droo yako. Hilo ulikumbuke. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na ufunguo wa droo ile.

Mwaka uliofuata nilimpeleka Hawe kama kawaida. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nilimwona akisimama ghafla, chupa ya mnazi mkononi, nikadhani ameona nyoka.

Shimo. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, na alama za sepetu zilionekana wazi kwenye udongo mwekundu. Vitambaa vyote, vya miaka yote, vilikuwa vimekatwa kwa kisu na kutupwa kwenye nyasi. Hawe aliviokota kimoja kimoja akavipanga juu ya mkono. Hakulia. Alimwaga mnazi ndani ya shimo, kidogo, akasikiliza.

Tulipokuja kukuambia hukuinua hata macho kutoka kwenye kamera uliyokuwa unaifuta. "Ni mchwa, Hawe. Mti wa zamani huo."

"Mchwa hawafungui kitambaa, mwanangu."

"Basi umeoza, umeanguka, maji yameuchukua." Kumbuka mvua ilikuwa haijanyesha!

Hawe hakubishana nawe. Wewe ndiye msomi wa nyumba. Akaenda akatafuta jawabu lake mwenyewe, na unajua jawabu alilolipata? Kwamba babu ameondoka. Kwamba amemkasirikia yeye, kwa kumruhusu mtu amwelekezee kamera, akang'oka mwenyewe akaenda zake. Na wewe ulikuwepo aliposema hivyo. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, Karisa. Ulisikia. Ukanyamaza, ukamwacha bibi kizee abebe mzigo wako kichwani.

Wiki mbili baadaye ukaondoka na yule mgeni wako wa hoteli ya ufukweni, yule mnunuzi wa vinyago aliyekuwa akishinda studio, akikuita rafiki na kukuahidi kazi kwao. Nilikufuata mpaka kwenye gari la Mombasa. Nilikuwa nimeshaanza kuunganisha mambo, ila sikutaka yaungane. Nikakuuliza, "Kaka, yule mgeni ulimwonyesha maelezo yangu?" Ukaweka mkoba wako juu, ukaniambia bila kunitazama: "Ni mti tu, Kadzo. Acha ushamba." Gari likaondoka.

Nikabaki na hilo neno, ushamba. Na nikabaki na wapi yangu. Sijitoi, Kaka. Mkono ulioandika njia ni wangu, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kusonta ni kusonta, kwa kidole au kwa kalamu. Ninachokudai ni kwamba mimi nilikuwa mwanafunzi, sikujua ninachokifanya, na wewe ulijua.

Nilikwenda kwenye sanduku langu nikatoa kila slaidi ya kigango niliyokuwa nimepiga kwa majirani baada ya ile ya babu. Nikazirudisha kwa wenyewe, boma kwa boma, nikiomba radhi. Wengine walinipa maji ya kunywa. Mzee mmoja alifunga mlango. Sanduku likapungua, na ajabu yake ni kwamba likawa zuri zaidi, kwa sababu nilirudi kwenye chumvi na korosho na kivuko cha Kilifi, kwa watu wanaoweza kunijibu ndiyo au la kwa mdomo wao. Kwa hiyo usinifundishe kuhusu sanduku langu. Wanawake wangu wanainama kwa sababu kazi yao inainamisha. Nyekundu yako kaitafute kwingine.

Haya. Ukurasa wako sasa.

Niliutazama pale pale posta. Chumba chenye ukuta mweupe. Kigango kimesimama juu ya kijukwaa cheusi, kimepanguswa vumbi, kimepakwa kitu kinachong'aa. Taa moja kutoka kushoto, nyingine nyuma kwa mbali, kivuli laini. Ndiyo, taa ni nzuri. Wewe ni fundi, hilo hakuna anayekunyima. Nikaanza kuhesabu pembetatu kwa macho kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, upande wa kushoto.

Sikujua kama nimepiga kelele. Karani wa posta ndiye aliyetoka nyuma ya dirisha akanishika.

Pembeni mwa picha, kwa herufi ndogo, jina la mpiga picha. Lako. Na chini yake maelezo, kwa lugha yao, nikayasoma mara nne ili nihakikishe Kiingereza changu hakinidanganyi: Sanamu ya Kiafrika. Mchongaji hajulikani. Asili haijulikani.

Asili haijulikani! Wewe uliyenichania karatasi kwa kuandika "pwani" tu! Ulisimama mbele ya babu yako mzaa baba, Karisa. Ulimzunguka na taa zako. Uliliona jino lake kupitia kwenye lenzi. Ukakaa chini, ukashika kalamu. Nani, hujui. Wapi, hujui. Halafu ukaikunja, ukanitumia mimi, iwe mfano! Sijui ni lipi baya zaidi, kwamba ulidhani nitamsahau, au kwamba wewe ulikuwa umeshamsahau na hukuona ubaya wowote. Wahenga walisema akumulikaye mchana usiku hukuchoma. Babu ulimmulika kwa taa mbili.

Sijui kama uliwaongoza wale watu mpaka kwenye boma au uliwapa kijikaratasi changu tu. Kwangu ni mamoja. Mchwa ni wewe.

Nilifika Tezo nikamkuta Hawe anamenya mihogo uani. Jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho, la pili bado linamsaidia akisogeza kitu karibu. Nikamwambia yote. Nilianza na langu, ile wapi, kijito na mkwaju, ndipo nikafika kwako. Nikampa ukurasa. Akausogeza puani, akautembeza taratibu, jicho likapita kutoka kichwani kushuka chini. Likasimama.

"Jino lake," akasema.

Kisha: "Wamemvua nguo, Kadzo. Mbele za watu!"

Nikangoja alaani. Nilikuwa tayari kulaani pamoja naye, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Malindi. Kisu chake kikaanguka kwenye sufuria. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayehesabu, "Kumbe hakunikasirikia. Kumbe hakuondoka mwenyewe. Walimchukua."

Alilia, Kaka. Alilia kwa furaha! Miaka mitano bibi yako ameishi akiamini kwamba mume wake amemkimbia baada ya kufa. Hakuwa akitaka hata kuvaa ile leso. Jumamosi alikula sahani nzima, akaomba nyingine. Na mimi nikamtazama anakula, nikakuchukia kuliko siku zote, kwa sababu neno moja lako pale kwenye kigoda lingemtosha.

Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa chekundu, kile cha kwenye picha. "Mpelekee Karisa. Amfunge shingoni, fundo likae nyuma. Babuyo hakuzoea kukaa uchi."

"Hawe, mtukane basi! Hata kidogo!"

"Nimtukane nani? Si mjukuu wangu? Na ndiye aliye karibu naye sasa hivi. Mwambie ampe na habari za nyumbani."

Kwa hiyo kitambaa kimo humu ndani ya bahasha. Nilifikiria kukutilia jivu badala yake. Hawe angejua, ananijua.

Na slaidi zako arobaini hazimo. Ipo moja. Jumanne nilikwenda kwenye boma la zamani nikaipiga kwa kufuata mafunzo yako yote. Hakuna jua linalozama. Hakuna anayetazama kamera. Nafasi ya maandishi ipo tele, maana shimo lote ni nafasi. Maelezo yake niliyaandika kwa mwandiko mzuri:

Nani: Mzee Kahindi, babu yetu, mume wa Hawe.

Nini: hayupo.

Wapi:

Hapo sikujaza. Hapo pajaze wewe, kwa mkono wako. Nyumba ya nani, mtaa upi, mji upi, ukuta upi, na njia ya kufika kama ile niliyokuandikia mimi, mpaka mti wa mwisho mlangoni. Unirudishie kabla jicho la pili la Hawe halijafunga, ili tujue pa kumfuata na wa kumdai. Na kama wamekuachia ufunguo wa mahali hapo kama ulivyokuwa na wa droo, usiandike kitu. Mbebe uje naye.

Shikamoo yako nimeiacha huko, kando ya shimo. Utaikuta siku mtakayofika wawili.

Nduguyo wa ziwa moja,
Kadzo